Kigoma imebadilishiwa umeme, mafundi wake nao wafundishwe upya

Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma uliishi kwa jenereta. Kigoma Mjini, Kasulu na Kibondo kila mahali palikuwa na mashine zake za dizeli, na mafuta yakichelewa au mashine ikifa, giza lilikuwa la wote. Mwaka 2022 umeme wa Gridi ya Taifa ulianza kuingia mkoani kutokea kituo cha Nyakanazi, mkoani Kagera, na jenereta zikaanza kuzimwa. Shangwe ile ilikuwa ya haki kabisa. Mwenye mashine ya kukamua mawese, muuza barafu wa wavuvi kule Kibirizi, mama mwenye friji moja la soda, kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kufurahi.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo halina mvuto wa jukwaani na kwa hiyo halizungumzwi. Chanzo cha umeme kikibadilika, hitilafu nazo hubadilika. Shoti ya Mwanga au Gungu, kata za Kigoma Mjini, ya enzi za jenereta haifanani na shoti ya leo, ingawa nguzo ni zile zile na waya ni ule ule. Fyuzi na relei (vifaa vinavyopima mkondo na kuamuru umeme ukatwe) zilizochaguliwa kwa ajili ya umeme wa zamani zinatakiwa kupigiwa hesabu upya, na mtu anayezishika anatakiwa kuielewa hesabu hiyo. Vifaa vinaweza kununuliwa. Uelewa haununuliwi stoo, na hapo ndipo ninapoiona hatari.

Mkondo wa umeme huzidi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mzigo: nyumba zimeongezeka, mashine zimeongezeka, transfoma haijabadilishwa. Mkondo unapanda pole pole, nyaya zinapata joto, na kwa kawaida kuna muda wa kuona na kuchukua hatua. Njia ya pili ni shoti: nyaya zimegusana kwa upepo, tawi la mwembe limeangukia laini, radi imepasua kikombe cha nguzo kinachoushika waya. Na ukanda huu wa Maziwa Makuu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Hapo mkondo unaruka ghafla, na joto linapanda kwa mraba wake: mkondo ukiwa mara kumi, joto ni mara mia. Kifaa cha ulinzi kina sehemu ya sekunde tu ya kuamua.

Sasa tazama tofauti ya vyanzo. Jenereta ya dizeli ikipigwa shoti hutoa mkondo mkubwa mwanzoni, mara tano hadi nane hivi ya mkondo wake wa kazi, kisha mkondo huo hunyauka haraka kwa sababu usumaku ndani ya mashine unadhoofika. Jenereta isiyo na msaada maalumu wa kuushikilia usumaku huo inaweza kuishia kutoa mkondo mdogo kuliko wa kazi ya kawaida, shoti ikiwa bado ipo. Relei ya jenereta basi huwekwa iwahi, na mara nyingi huangalia pia kushuka kwa voti ili isidanganywe na mkondo unaofifia. Gridi haina tabia hiyo. Mkondo wake wa shoti haunyauki; kinachoupunguza ni umbali.

Na umbali wa Kigoma ni mrefu. Tuchukue mfano wa darasani: laini ya kilovoti 33 yenye urefu wa kilomita 150, ambayo ukinzani wake wote, pamoja na ule unaotokana na usumaku wa waya, ni omu 0.45 kwa kila kilomita. Jumla ni omu 67 na kidogo. Voti kati ya waya mmoja na ardhi ni kama 19,000. Gawanya: nyaya zote tatu zikigusana mwisho wa laini hiyo, shoti ni ampea 280 tu. Zikigusana mbili, ni ampea 245 hivi. Mzigo halali wa kilovoti-ampea 10,000 kwenye laini hiyo hiyo unavuta ampea 175. Kati ya mji unaofanya kazi zake kwa amani na waya zilizogongana kuna pengo la ampea 70. Relei iliyo mwanzoni mwa laini inatakiwa ikae ndani ya pengo hilo, na mzigo unakua kila mwaka.

Tuendelee na mfano. Tuseme relei imewekwa ianze kuhesabu kwenye ampea 200, kwa ule mchoro wa kawaida unaokubalika kimataifa ambao mkondo ukiwa mkubwa muda wa kukata unakuwa mfupi, na kipimo chake cha muda, namba inayorefusha au kufupisha kusubiri kwake, ni 0.2. Shoti ya ampea 2,000 karibu na kituo itakatwa kwa sekunde 0.6. Shoti ya ampea 245 kule mwisho itakatwa baada ya karibu sekunde saba. Sekunde saba za shoti zinaweza kuuchoma waya pale zinapogusana na kuuangusha. Hakuna aliyekosea hesabu hapo. Ni maumbile ya laini ndefu, na njia za kuyakabili zinajulikana: kuigawa laini kwa vikata umeme vya katikati, kubadilisha aina ya mchoro, kuweka kipimo cha peke yake kwa hitilafu za ardhini. Lakini huwezi kukabiliana na kitu ambacho hukijui.

Hali yenyewe haitatulia. Ipo miradi ya laini za msongo mkubwa, ile ya kilovoti 132 kutoka Tabora kupitia Urambo na Nguruka hadi Kidahwe, na ile ya kilovoti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kigoma. Upo mradi wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5 kwenye maporomoko ya Igamba. Kituo kikubwa kikisogea karibu na mji, shoti ya ampea mia mbili na kitu inageuka kuwa ya maelfu. Kifaa kilichokuwa kinachelewa kitaanza kuwahi mno. Fyuzi na kikata umeme vilivyokuwa vinapishana vizuri vitaanza kukata pamoja. Na vifaa vya zamani ambavyo havikutengenezwa kukata mkondo mkubwa kiasi hicho vinaweza kupasuka vikijaribu. Kila hatua njema ya kuimarisha umeme inabatilisha seti za jana, yaani namba zilizowekwa kwenye vifaa hivyo.

Kupishana huko ndiko kiini cha taaluma hii. Ni utaratibu wa sungusungu: aliye karibu na mwizi ndiye anayetakiwa kumkamata, na wa mtaa wa pili asubiri kidogo, aingie tu wa kwanza akishindwa. Kati ya relei na relei wahandisi huacha sekunde 0.3 hadi 0.4. Kati ya fyuzi na fyuzi kuna kanuni ya zamani: iliyo karibu na hitilafu iwe imemaliza kukata ndani ya asilimia 75 ya muda ambao iliyo karibu na chanzo ingeanza kuyeyuka. Utaratibu huo ukivurugika, tawi la mti kule Simbo linazima umeme wa watu ambao hawajui hata Simbo iko wapi. Wananchi wanapolalamika kwamba umeme unakatika hovyo, mara nyingi wanachokilalamikia ni hiki, ila hakuna anayewaambia.

Sasa twende kwenye nguzo yenyewe, maana huko ndiko ninakotaka msomaji aangalie kwa karibu. Juu ya transfoma ya kijijini pananing'inia vibomba vitatu vya fyuzi. Fyuzi ikikatika kibomba kinadondoka, kinabaki kikining'inia, na fundi akiwa chini anajua ni kipi. Nimewahi kuona ndani ya kibomba kimoja, mahali pa fyuzi, nyuzi tatu za shaba zilizosokotwa vizuri kabisa, kazi ya mkono uliozoea. Fundi aliulizwa akajibu bila kusita: "Mzee, stoo haina saizi yake, na watu wanasubiri mashine ya kusaga." Alikuwa mtu mwema aliyetaka kina mama wapate unga.

Hesabu yake ni hii. Transfoma ya kilovoti-ampea 100 inayopokea kilovoti 33 inavuta ampea 1.75 tu upande wa juu ikiwa imejaa. Shoti ikitokea kwenye upande wake wa chini, ule unaopeleka umeme majumbani, upande wa juu unaona kama ampea 44, tukichukua kwamba ukinzani wa transfoma ni asilimia nne, yaani asilimia nne tu ya voti zake zinatosha kusukuma mkondo wake wote wa kazi kwenye shoti. Fyuzi ndogo inayostahili pale inakata mkondo huo haraka. Lakini uzi mmoja tu wa shaba wenye unene wa milimita moja unahitaji karibu ampea 80 ndipo uyeyuke. Nyuzi tatu haziwezi hata kushtuka. Transfoma itaungua, mafuta yatawaka, na kijiji kitakaa gizani kikisubiri transfoma nyingine. Fundi yule hakuwa amefundishwa kwamba alipokuwa akisokota zile nyuzi alikuwa akifanya uamuzi wa kihandisi. Alifundishwa kupanda nguzo, kufunga mkanda, kuvaa glovu, na hayo alikuwa akiyafanya vizuri.

Upande wa chini wa transfoma kuna mtego mwingine, na huu unakua na kijiji. Usambazaji wa umeme vijijini umefanya kazi kubwa, lakini kila nyumba mpya inaomba nguzo moja zaidi, na laini inarefuka. Waya wa alumini wa milimita mraba 50 una ukinzani wa karibu omu 0.6 kwa kilomita. Laini ikifika kilomita moja, kwenda na kurudi ni omu 1.2. Nyaya zikigusana pale mwisho, voti 230 zinasukuma ampea 190 tu. Na fyuzi ya kawaida ya ampea 160, kwa viwango vyake yenyewe, inatakiwa kustahimili ampea 200 kwa saa mbili bila kukatika. Fyuzi ni sahihi kwa transfoma, imenunuliwa mahali halali, imewekwa na mtu mwenye leseni, lakini shoti inaweza kuwaka mpaka waya ukatike wenyewe na kuanguka. Aliyeongeza nguzo ya mwisho hakupiga hesabu ya fyuzi ya kwanza kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Waya ulioanguka ni habari nyingine kabisa. Wakati wa kiangazi, waya wa msongo wa kati, kama ule wa kilovoti 33, ukilala juu ya mchanga mkavu unaweza kupitisha ampea chache mno, pengine usipitishe chochote cha kupimika. Relei ya mkondo uliozidi haiwezi kuuona, kwa kuwa hakuna kilichozidi. Hapa naomba kila mzazi anisome polepole: umeme haujui kwamba waya umeanguka. Waya ulio chini na haujakatiwa umeme ni waya wenye umeme. Na hata ndani ya nyumba, fyuzi ya ampea 15 haikulindi wewe, inalinda waya. Mwili wa binadamu unaweza kuuawa na mkondo ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea. Kinachomlinda mtu ni kile kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30, ambacho nyumba nyingi hazina.

Jambo linaloumiza zaidi, pengine kwa kuwa limezoeleka, ni lile la fyuzi moja kudondoka na nyingine mbili kubaki. Mtaa unapata umeme hafifu, taa zinafifia upande huu, upande ule zinawaka. Mota ya fezi tatu ikiwa inazunguka wakati huo haisimami. Inaendelea kwa umeme usio sawa na kuvuta mkondo mkubwa kuliko wa kawaida mpaka iungue. Mwenye mashine ya kusaga anaambiwa ni bahati mbaya. Kinga ipo, tena si ya gharama kubwa ukilinganisha na mota: relei ndogo ya mzigo inayokaa chini ya kontakta, ile swichi inayowasha na kuzima mota, iliyosetiwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Tatizo ni kwamba mota ya kilowati 15 inayofanya kazi kwa ampea 29 inavuta mara sita ya hizo inapowashwa, fyuzi inakatika, na fundi wa mtaani anaongeza fyuzi kubwa zaidi au anapandisha seti ya relei mpaka mwisho. Kelele zinakwisha. Ulinzi nao umekwisha.

Historia ina somo kubwa kuhusu namba zinazoachwa nyuma. Novemba 9, 1965, jioni, relei moja katika kituo cha Sir Adam Beck kule Ontario, Kanada, ilikata laini ya kilovoti 230. Hapakuwa na shoti. Relei ilikuwa imesetiwa miaka ya nyuma kwa mzigo mdogo, mzigo ukakua, namba haikuguswa. Mkondo ukahamia laini nyingine, nazo zikakata moja baada ya nyingine, na watu wapatao milioni 30 wa Ontario na kaskazini-mashariki mwa Marekani wakaingia gizani, wengine kwa saa 13. Kama mtandao tajiri kiasi hicho uliangushwa na namba moja ya zamani, sisi tulio katikati ya kubadilisha chanzo chetu chote tuna kila sababu ya kupitia namba zetu.

Ndiyo, mafunzo yapo. Nimeyaona yanavyokwenda. Wiki moja hotelini Dar es Salaam au Arusha, mkufunzi mwenye slaidi nyingi, michoro mizuri ya mitandao ya nchi nyingine, cheti siku ya Ijumaa. Anayehudhuria ni mhandisi, ambaye mengi ya hayo aliyasoma chuoni. Fundi wa zamu wa Uvinza, anayeamka saa nane usiku wa mvua kurudisha laini, hayupo. Mwalimu wa umeme wa chuo cha ufundi cha VETA hayupo. Aliyepewa leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya kufunga umeme majumbani na kwenye mashine hayupo. Mafunzo yanakwenda kwa mtu ambaye jina lake lipo kwenye orodha, na nguzo inabaki na yule yule.

Nionavyo mimi, darasa liletwe Kigoma, na mtandao wa Kigoma ndio uwe kitabu chake. Siku ya kwanza watu wachore laini yao wenyewe kutoka kituoni hadi transfoma ya mwisho, waandike urefu, unene wa waya, ukubwa wa kila fyuzi waliyonayo juu ya nguzo. Nina hakika kuchora huko peke yake kutafichua makosa ya kutosha. Kisha wapige hesabu ya shoti sehemu tatu au nne, wachore michoro ya muda na mkondo kwa penseli kwenye karatasi moja, waone kwa macho mahali mistari inapokutana. Kompyuta ije baadaye. Halafu ije relei halisi mezani pamoja na kifaa cha kuiingizia mkondo wa majaribio, kila mshiriki aiseti na kuipima kwa saa, aone sekunde 0.6 na sekunde saba zinavyotofautiana. Mtu akishasubiri zile sekunde saba mbele ya relei, hazisahau.

Wapo watakaosema relei za leo ni za kidijitali, zinajiendesha. Hazijiendeshi. Zinafika zikiwa na namba za kiwandani, na zitafuata namba hizo kwa uaminifu hata kama ni za laini ya nchi nyingine. Faida yake kubwa kwetu ni kumbukumbu: kila ikikata inaandika mkondo wa kila waya na muda, na kwa laini ndefu hilo linaweza kumwambia fundi aanze kutafuta hitilafu upande wa Kazuramimba badala ya kuzunguka porini usiku kucha. Lakini kumbukumbu isiyosomwa haimsaidii mtu, na kuisoma ni ujuzi unaofundishika kwa siku mbili.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba seti za relei hazitakiwi kuguswa na kila mtu. Nakubaliana nalo kabisa. Mwenye kubadilisha namba awe ofisi moja yenye wahandisi waliosajiliwa, na kila badiliko liandikwe. Ninachokiomba ni kwamba fundi aelewe namba hizo zinafanya nini, ajue kuripoti kwamba laini imerefushwa, mzigo umeongezeka, fyuzi ya saizi fulani imekatika mara tatu mwezi huu. Ofisi ya mbali haiwezi kuyaona hayo. Na akifahamu, ataacha pia ule mtindo wa kurudisha laini iliyojikata mara moja, mara mbili, mara tatu bila kutuma mtu kuitazama. Hitilafu nyingi za laini za angani ni za kupita, tawi linagusa na kuachia, kwa hiyo kurudisha mara moja kuna mantiki. Mara ya tatu, huenda chini ya laini hiyo kuna mtoto anayetoka shule.

Kisha kuna stoo. Fundi aliyefundishwa vizuri akirudi kazini akakuta hakuna fyuzi za saizi yake, tumempa elimu ya kumtesa. Atajua kwamba nyuzi za shaba ni hatari na atazisokota vile vile, kwa kuwa kijiji kizima kinamwangalia. Kwa hiyo bajeti ya mafunzo iandikwe ukurasa mmoja na bajeti ya fyuzi, saizi kwa saizi, na meneja anayesaini stoo naye akae darasani angalau siku moja, ile siku ya hesabu ya ampea 1.75. Na fundi apewe kwa maandishi haki ya kusema, "Siwashi, hakuna fyuzi," bila kuogopa barua ya onyo siku inayofuata.